Kimya Sio Hapana: Historia Fupi ya Daraja la Pesa Hapa Isich

Jumamosi moja, wiki ya kufungua shule, mamangu alisimama mbele ya kaunta ya holseli moja hapa Eastleigh kuanzia saa tano asubuhi hadi karibu saa tisa mchana. Alikuwa ameshalipa. Shilingi 38,400 za blanketi na mashuka ya wanafunzi wa bweni, ametuma kwa Paybill, na ujumbe wa M-Pesa uko kwa simu yake: namba ya muamala, jina la duka, kiasi, saa. Kila kitu.

Keshia akaangalia kompyuta. Akaangalia tena.

"Mama, kwa sistimu haijaingia."

Kama umekulia Isich unajua hiyo sentensi ina uzito gani. Watu walio nyuma yako kwa laini wanaanza kukuangalia vibaya, kwa sababu kila mwenye duka hapa ana stori ya tapeli aliyeonyesha ujumbe feki akaondoka na mzigo. Mamangu amenunua kwa hilo duka miaka mingi. Siku hiyo aliambiwa asimame kando kidogo. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini blanketi zake zilirudishwa nyuma ya kaunta, na yeye akabaki hapo ameshika simu juu kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa polisi.

Nilifika saa nane kumsaidia kubeba. Mteja wake, aliyekuwa ametoka Kitui alfajiri kuchukua huo mzigo, akachoka kungoja akaenda kununua kwa mtu mwingine. Saa tisa kasoro, mhasibu mmoja mzee akatoka chumba cha ndani. Akaichukua simu ya mama, akasoma ile namba, akaitafuta kwa laptopu yake moja kwa moja kwenye akaunti ya M-Pesa ya biashara. Pesa ilikuwa imeingia saa tano na dakika saba. Imekaa tu hapo.

"Pole mama," akasema. "Ni sistimu."

Naandika hii kwa sababu hilo jibu lilinikaa kooni. "Ni sistimu" ni kama kusema "ni hali ya hewa". Mvua haina mwenyewe, lakini sistimu ina mwenyewe. Kuna mtu aliitengeneza, kuna mtu aliamua ifanye nini ikikosa jibu. Na nilipoanza kufuatilia, niligundua kwamba hiki kitu kilichomwangusha mamangu kina historia ndefu, na kipande kikubwa cha hiyo historia kimepita hapa hapa mtaani kwetu.

Kinachokaa mlangoni

Wacha nianze na mambo ya msingi, bila kizunguzungu.

Biashara ikikua, haiwezi kuendeshwa na kitabu cha kurasa 96. Inanunua sistimu kubwa inayoshika kila kitu: stoki, madeni, mishahara, kodi, nani amelipa na nani bado. Duniani jina kubwa kwenye hizo ni SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 1972 na watu watano waliokuwa wametoka IBM. Kuna Oracle, kuna Microsoft Dynamics, na hapa Nairobi utakuta maduka mengi yanatumia Odoo. Ifikirie kama daftari moja kubwa lililofungiwa chumba cha ndani.

Shida ni kwamba watu wengi wanataka kujua kilichoandikwa humo, au kuandika kitu kipya. Benki inataka. KRA inataka. M-Pesa inataka kusema "huyu amelipa". Na huwezi kuacha kila mtu aingie ndani na kalamu yake, kwa sababu mkono mmoja mbaya unavuruga hesabu yote. Kwa hivyo mlangoni kunawekwa programu ndogo. Mafundi wanaiita konekta. Mimi nitaiita kiunganishi.

Kiunganishi kina kazi nne. Kwanza ni askari: kinauliza wewe ni nani na unaruhusiwa kuona nini. Pili ni mkalimani, kwa sababu aliye nje na aliye ndani hawaandiki mambo kwa mpangilio mmoja. Tatu ni tarishi: kinabeba swali ndani, kinarudi na jibu. Kazi ya nne ndiyo watu wanaisahau. Ni kungoja. Jibu lisiporudi, kiunganishi ndicho kinaamua tufanye nini na huo ukimya.

Kumbuka hiyo ya nne. Tutarudi kwake.

Kabla ya simu kulikuwa na redio

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Wakimbizi wakaingia Kenya kwa maelfu, na wengi walioweza kufika Nairobi walikuja Eastleigh, mtaa uliokuwa na Wasomali tangu enzi za ukoloni. Wakapanga vyumba kwa lojing'i. Maarufu zaidi ni Garissa Lodge, ambapo watu walilala usiku kwenye chumba, na mchana wakageuza kile kile chumba duka: vitambaa juu ya kitanda, manukato dirishani. Baada ya muda hakuna aliyelala tena. Lojing'i ikawa soko, na baada yake zikaja hizi moli zote unazoziona leo kuanzia First Avenue mpaka Jam Street.

Sasa jiulize: hao watu walilipana vipi? Mtu ana ndugu Minneapolis au London, benki hazimtambui, hana karatasi, na nchi alikotoka haina tena benki kuu inayofanya kazi. Jibu lilikuwa hawala, au kama wenyewe wanavyoiita, xawilaad.

Inafanya kazi hivi. Ndugu yako kule Marekani anampa wakala wa kule dola 200. Yule wakala hatumi noti zozote. Anatuma ujumbe tu kwa mwenzake wa Eastleigh: mpe fulani bin fulani dola 200. Wewe unaenda, unajitambulisha, unapewa. Hawa wawili wanabaki na deni kati yao, wanalimaliza baadaye, mara nyingi kwa mizigo: pesa inanunua bidhaa Dubai, bidhaa zinakuja kuuzwa hapa, hesabu inafungwa.

Mwanzoni ujumbe ulipita kwa redio za masafa marefu, zile Wasomali wanaziita taar. Mtu anakaa mbele ya kipaza sauti anasoma majina na kiasi, na aliye upande wa pili anaandika kwa kitabu. Kwa sababu masafa yalikuwa wazi na yeyote aliweza kusikiliza, walitumia maneno ya siri. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na kitambulisho, ulithibitishwa kwa maswali: babu yako ni nani, ukoo gani, aliyekutumia ni nani kwako.

Angalia vizuri hapo. Askari yupo: maswali ya ukoo. Mkalimani yupo: maneno ya siri na dola kuwa shilingi. Tarishi yupo: redio. Hicho ni kiunganishi kamili, kabla ya mtu yeyote hapa kumiliki laptopu.

Na kazi ya nne? Redio ikikatika katikati ya jina, wakala hakuwa na ruhusa ya kukwambia "kwa sistimu haijaingia" halafu akanyamaza. Alifungua redio tena akauliza upya, kwa sababu jina lake ndilo lilikuwa biashara. Akikosa kulipa mtu mmoja, msikitini wanajua, hotelini wanajua, kesho hakuna anayemletea kitu. Dahabshiil, iliyoanza 1970 na Mohamed Said Duale, ilikua kuwa moja ya kampuni kubwa za kutuma pesa Afrika ikijengwa juu ya hiyo imani.

Sisemi hawala ilikuwa mbinguni. Pesa za watu zimewahi kupotea, na serikali nyingi ziliiogopa kwa sababu haikuwa rahisi kuona kilichopita. Nasema tu kwamba ukimya ulikuwa mzigo wa aliye katikati.

Mathare, 2005

Watu wengi wanajua M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Wachache wanajua kwamba majaribio yake yalianza Oktoba 2005, na kwamba moja ya sehemu za majaribio ilikuwa Mathare, hapa ng'ambo tu, ukivuka Juja Road umefika. Nyingine zilikuwa Thika na katikati ya jiji.

Na haikuwa ya kutumiana pesa! Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa pesa za serikali ya Uingereza, walitaka kusaidia wateja wa mikopo midogo ya Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Wazo lilikuwa hilo tu. Wale wa kwenye majaribio wakaanza kufanya mambo yao: huyu analipia mwenzake mkopo, yule anatumia nyumbani pesa, mwingine ananunua kredo. Watu wa mtaa ndio waliionyesha kampuni kazi halisi ya hiyo kitu.

Lakini kuna sehemu ya hiyo stori haipendwi kwa sababu haina mbwembwe. Upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu. Simu inasema mteja amelipa, lakini mkopo umeandikwa kwa hesabu za Faulu, na Faulu inafanya kazi na vikundi, mikutano ya kila wiki, watu kudhaminiana. Kuoanisha hizo hesabu mbili kulikuwa kazi kubwa ya watu ofisini. M-Pesa ilipozinduliwa kwa umma miezi kadhaa baadaye, ile ya mikopo iliachwa pembeni, ikabaki "tuma pesa nyumbani".

Kwa hivyo tatizo la mamangu ni la zamani kuliko M-Pesa yenyewe ninayoijua mimi. Kusogeza pesa kutoka simu hadi simu kuliwezekana mapema. Kuifanya ifike kwenye daftari la mtu mwingine ndiyo kazi iliyobaki, na bado inaendelea.

Simu iliyofungwa kwa kompyuta

Baada ya Paybill kuja, kila biashara ilitaka kujua jambo moja: nani amelipa, sasa hivi, bila mtu kukaa akisoma ujumbe mmoja mmoja. Na njia rasmi ya programu kuuliza M-Pesa moja kwa moja haikuwa wazi kwa mtu wa kawaida.

Mafundi wa Nairobi wakafanya kile ambacho Nairobi hufanya. Walichukua modemu yenye laini ya simu wakaichomeka kwa kompyuta. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, programu inausoma kama binadamu: inatafuta neno "Confirmed", inachukua namba ya muamala, kiasi, jina, inaandika kwa daftari. Ilifanya kazi, mpaka siku maneno ya ujumbe yakibadilishwa kidogo, labda nukta imesogea au neno limeongezwa. Hapo programu nzima inakuwa kipofu, na wateja wanaambiwa hawajalipa.

Kampuni zikaona nafasi. Pesapal ilianza 2009, ikifuatwa na Kopo Kopo na nyingine, zikawa watu wa katikati: sisi tutahangaika na M-Pesa, wewe zungumza na sisi. Juni 2013 Safaricom ikaleta Lipa na M-Pesa, zile Till ziko kila kibanda leo. Malipo yakaongezeka. Wanaotaka kuyaunganisha na hesabu zao wakaongezeka pia.

Aprili 2015

Huu mwezi naomba usimame nao kidogo.

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Siku chache baadaye serikali ikasimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, nyingi zikiwa na ofisi hapa Eastleigh. Kwa usiku mmoja, milango ikafungwa. Kuna mama alikuwa anangoja karo kutoka Oman, kuna familia Wajir ilikuwa inangoja chakula cha mwezi. Waliotuma walikuwa wametuma. Waliongoja hawakuwa wamekosea chochote. Leseni zilirudishwa mwezi Juni baada ya kelele nyingi na masharti mapya.

Mwezi huo huo wa Aprili, jambo lingine likatokea ambalo halikupigiwa kelele mtaani. M-Pesa, ambayo seva zake zilikuwa Ujerumani, ilihamishwa ikaletwa Kenya, kwenye mtambo mpya uliotengenezwa na Huawei. Hadi hapo, ukimtumia jirani yako wa Section III shilingi 50, hesabu yake ilikuwa inafanyika Ulaya kwanza.

Mtambo mpya ulikuja na mlango rasmi wa programu, API. Lakini ule wa kwanza ulikuwa mzito: maombi yaliandikwa kwa XML, marefu kama hati ya ploti, na ulihitaji kuunganishwa kwa njia maalum ya mtandao ambayo kijana mwenye laptopu moja hapa mtaani hangeweza kuipata kirahisi. Kampuni kubwa ziliingia. Sisi wengine tukaendelea kusoma ujumbe.

Nikiziweka hizi habari mbili pamoja naona kitu. Ndani ya mwezi mmoja, kiunganishi cha zamani cha Eastleigh kilizimwa kwa amri, na kingine kipya kikawashwa kwa kazi ya mafundi. Hazikupangwa pamoja, usinielewe vibaya. Ila zinafundisha jambo moja: aliyeshika katikati anaweza kukukata, na wewe mwisho wa laini ndiye wa mwisho kujua.

Daraja

Mwaka 2017 Safaricom ilizindua mlango mwepesi zaidi na ikauita Daraja. Jina zuri, na la Kiswahili. Sasa mtu yeyote angeweza kujisajili, akapata funguo zake, akajaribu kwenye uwanja wa majaribio bila pesa halisi. Maombi yakawa mafupi, unayasoma na kuyaelewa. Mimi mwenyewe nilijifunzia hapo, usiku, kwa bandoli ya usiku.

Wacha nikuonyeshe safari moja, ile ya pesa kukuletea kisanduku cha kuweka PIN kwenye simu.

Duka linaanza kwa kutuma funguo zake mbili. Linapewa tokeni ya kupita, ambayo inaisha baada ya saa moja hivi. Huyo ni askari. Kisha linatuma ombi: namba ya biashara, namba ya simu ya mteja ikianza na 254, kiasi, na anwani ya kurudishia jibu. M-Pesa inajibu haraka: ombi limepokelewa, hii hapa namba yake.

Sikiliza, hapa ndipo watu wengi hukosea. "Limepokelewa" sio "limelipwa". Ni kama karani amegonga muhuri barua yako, hajaisoma bado. Jibu lenyewe linakuja baadaye, kwa ile anwani uliyoacha, likiwa na namba. 0 ni kwamba imelipwa. 1 ni kwamba salio halitoshi. 1032 ni kwamba mteja amekataa mwenyewe. Na 1037 ni kwamba simu haikufikiwa, au mteja hakujibu muda ukaisha.

Linganisha 1032 na 1037. Wa kwanza amesema hapana. Wa pili hajasema kitu, labda yuko kwa lifti au simu imezima. Nimeona programu nyingi, pamoja na ya kwanza niliyoandika mimi, zinazowaweka hawa wawili kapu moja: "malipo yameshindikana". Ukimya umegeuzwa kuwa hapana.

Malipo ya Paybill kama ya mamangu yanafuata njia tofauti kidogo. Mteja anaanzisha mwenyewe kwa simu. Biashara ikitaka, M-Pesa inaweza kuiuliza kwanza, "hii akaunti unaitambua, nipokee?" Na biashara isipojibu ndani ya sekunde chache, inafuatwa ile amri iliyowekwa mapema: ukinyamaziwa, pokea, au ukinyamaziwa, kataa. Unaona? Hata hapo mtu ameketi chini siku moja akaamua ukimya una maana gani. Pesa ikishaingia, taarifa ya kuthibitisha inatumwa kwa seva ya biashara. Seva ikiwa wazi, inaandika. Seva ikiwa imezima, taarifa imebisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Halafu kiunganishi pia kinaamua nani aone nini. Zamani kila duka ulilolipa lilipata namba yako ya simu nzima, na ndiyo maana ulinunua viatu Jumatatu ukaletewa matangazo mwezi mzima. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data 2019, na kufikia 2022 taarifa za Paybill zilianza kufika kwa biashara namba ikiwa imefichwa. Mafundi wengi walilalamika kwa sababu programu zao ziliharibika. Mimi nilifurahi, kwa niaba ya dadangu.

Jumamosi ile

Nilirudi kwa yule mhasibu wiki iliyofuata. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamuuliza kama naweza kujua nini hasa kilitokea. Alishangaa kwamba kuna mtu anataka kujua. Akaagiza shaah mbili.

Asubuhi ile stima ilipotea kama dakika kumi. Seva ya duka ilikuwa chini ya meza, ikazima. Stima iliporudi, sistimu ikawa inaamka polepole kama mtu aliyekesha. Saa tano na dakika saba mamangu akalipa. M-Pesa ilifanya kazi yake, ikachukua pesa, ikatuma taarifa. Taarifa ikafika mlangoni, mlango umefungwa. Dakika chache baadaye sistimu ilikuwa wazi, inafanya kazi safi, inapokea malipo ya wengine wote. Ndiyo maana keshia hakuwa na sababu ya kuishuku. Ya mama tu ndiyo ilikuwa shimo.

"Na haiwezi kuuliza tena?" nikamuuliza. "Ikiamka, si iulize: nilipolala nani alikuja?"

Mzee akacheka. "Inaweza. Lakini yule kijana aliyetuwekea hakuiambia iulize."

Hapo ndipo hasira yangu ilipata anwani. Njia ipo. Daraja ina ombi la kuulizia hali ya muamala mmoja kwa namba yake, na ipo njia ya kuchota miamala ambayo taarifa zake hazikufika. Ni kazi ya siku mbili tatu kwa fundi. Haikufanywa kwa sababu anayelipia sistimu haumii ikikosekana. Anayeumia ni aliyesimama kwa kaunta.

Najua utaniambia keshia alikuwa sawa, na kweli alikuwa sawa. Kwa mtaa wenye ujumbe feki, kuamini simu ya mteja ni kujitafutia kufutwa kazi. Mimi sitaki keshia aamini simu. Nataka awe na kitufe kimoja: aandike ile namba ya muamala, kiunganishi kiende kiulize M-Pesa, kirudi na jibu. Mwenye ujumbe feki atanaswa kwa kitufe hicho hicho, na mama yangu atapewa blanketi zake.

Na hii haiko kwa maduka tu. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, huduma za serikali zilisimama, na wengi walishindwa hata kununua tokeni za stima. Sasa kila ankara inaelekea eTIMS ya KRA, ambayo pia inaongea na sistimu za biashara kupitia viunganishi. Kila mwaka tunaongeza madaraja. Mimi sipingi, nimejifunza kazi juu ya mojawapo. Ila kila ukijenga daraja, amua kabla ya kufungua: mtu akikwama katikati, nani anamwendea?

Kwa wenzangu mnaoandika programu, na najua mko wengi hapa Eastlands, nina mambo matatu tu. Moja, usiandike "imeshindikana" mahali ambapo ukweli ni "sijui bado". Mbili, ukikosa jibu uliza tena, na tumia ile namba ya muamala ili usije ukaandika malipo yale yale mara mbili. Tatu, kila jioni linganisha daftari lako na la M-Pesa, mstari kwa mstari, kama wakala wa zamani alivyolinganisha kitabu chake na cha mwenzake wa ng'ambo kwa redio. Wale wazee hawakuwa na tokeni wala seva. Walikuwa tu wanajua kwamba mtu akija dirishani na hajapata jibu, kazi bado haijaisha.

Mama bado ananunua kwa lile duka, bei yao ni nzuri. Lakini siku hizi hatumi pesa kabla ya kuuliza swali moja kwa kaunta: "Yule mzee wa hesabu yuko leo?" Akiambiwa hayuko, anarudi Jumatatu.